Mgeni kaishia Mwananyamala, harusi iko Mnyamani: naombeni ushauri wa fonti za kadi

DadaStesheneri

Wakuu, habari za jioni.

Nina kibanda cha stesheneri huku Tabata. Natoa kopi, napiga pasipoti saizi, nalamineti vyeti, najazia watu fomu za mtandaoni, na msimu wa harusi ukiingia nakuwa mtu wa kadi. Kompyuta ni moja, ina Windows 10, Word 2016 na CorelDRAW X5 niliyoikuta humo kwa aliyeniuzia. Kadi chache naprinti mwenyewe kwa leza. Zikiwa nyingi, au zikitaka foili ya dhahabu, ule utando wa kumetameta unaobandikwa kwa joto, napeleka Kariakoo.

Kisa chenyewe ni hiki. Desemba nilipata kazi ya kadi 180 za harusi ya kijana wa mtaani kwetu. Mama wa bibi harusi alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha wateja kama msimamizi wa mtihani. Akasema hataki kadi iliyochapwa kama barua ya serikali ya mtaa, anataka yale maandishi ya kifalme, ya kujikunja. Nikamfungulia orodha ya fonti, akapita nayo kwa kidole mpaka akafika Edwardian Script. Hapo hapo, dada. Na kadi nzima! Utangulizi, majina, ukumbi, saa, namba za simu za kamati, mpaka "kadi hii ni ya watu wawili". Juu kabisa neno HARUSI, herufi kubwa tupu. Maandishi ya dhahabu, kadi ya maruni. Kwenye kioo ilipendeza jamani, siwezi kudanganya. Niliipiga picha nikaweka stetasi.

Kadi zikagawiwa. Ukumbi ulikuwa Buguruni Mnyamani, ila nafasi ilinibana, "Buguruni" nikaishusha mstari wa chini pamoja na namba za simu. Siku ya siku, baba mdogo wa bwana harusi akatoka zake Morogoro, akashuka Stendi ya Magufuli pale Mbezi, akampa bodaboda kadi: kijana, nipeleke hapa. Bodaboda akaisogeza kwenye taa, akaiinamisha hivi, akaigeuza vile, akasema, "Mzee, hapa Mwananyamala." Miwani ya mzee iko chini ya begi, akakubali. Wakaenda Mwananyamala. Wakaizunguka Mwananyamala yote. Mzee alifika Mnyamani saa nne na nusu usiku, keki imeshalishwa na ndafu imebaki kichwa.

Jumatatu mwenyekiti wa kamati akaja kibandani. Hakugomba. Aliweka kadi mezani akaniambia, "Dada, hebu nisomee hapa." Na mimi niliyeyaandika kwa vidole vyangu nikasita kidogo kabla ya kusema Mnyamani. Hebu litazameni neno lenyewe kwa fonti ile: ukiondoa mkia wa y, kilichobaki ni vijiti vilivyosimama kama uzio wa fito. Na bwana harusi jina lake lina "mman" katikati. Ile kadi nimeibandika ukutani juu ya printa mpaka leo.

Sasa nina kazi nyingine, harusi ni wiki tatu zijazo. Bibi harusi ameniletea picha kwenye simu: majina mawili yameandikwa kwa mwandiko, herufi ya kwanza imetupa mkia mrefu kushoto, ya mwisho imezunguka chini ya jina kama kamba ya mwari. Nimeitafuta mikia hiyo kwenye Edwardian kila kona, haimo. Watu wanaitoa wapi? Na je, kuna fonti ya namna hii ambayo majina yetu na mitaa yetu inasomeka, au nimwambie tu bibi harusi akubali Times New Roman tugombane mapema? Halafu foili: mara ya mwisho mistari myembamba ilikatikakatika, "Upendo" ikawa kama imeng'atwa na panya. Mchapaji akasema kosa ni langu. Mimi naona ni lake.

Karibuni.

Mtu_wa_Mbagala

Ngoja waje wataalamu, nimekaa pale. Ila huyo bodaboda aliona safari ya Mwananyamala inalipa zaidi, msimsingizie fonti.

FoiliKkoo

Dada, foili ni kazi yangu, Kariakoo mwaka wa kumi na moja sasa. Siyo mimi niliyekuchapia hiyo, maana mimi ningeikataa mezani.

Kosa ni la mstari. Fonti hizi zimechorwa zivutie zikiwa kubwa. Unene wa kupanda na wa kushuka unapishana sana: mshuko mnene, mpando uzi. Ukiichukua fonti hiyo ukaipunguza mpaka saizi 12 au 14, ule uzi unabaki robo ya pointi, pengine chini ya hapo. Foili inashika kwa joto na mgandamizo. Uzi mwembamba hivyo ama haushiki, ama unashika nusu, na karatasi ikiwa na mikwaruzo au ya kumetameta ndiyo basi kabisa. Mimi sipokei mstari ulio chini ya nusu pointi, yaani kama milimita 0.18. Ukiniletea chini ya hapo nakuambia kaongeze saizi, au uwekee herufi autilaini, yaani mstari wa kuzunguka ukingo wake, nyembamba na ya rangi ile ile ili zinenepe kidogo. Kidogo tu, usije ukaziba vitundu vya a na e.

Maandishi ya dhahabu au meupe juu ya rangi nzito yasiyo ya foili yana ugonjwa mwingine. Huko wino wa pembeni ndio unaovamia. Ukichapa usuli wa maruni kwa rangi nne halafu ukaacha uzi mweupe katikati, pleti moja ikicheza unywele tu, uzi umezibwa. Kwa hiyo mstari wa kuachwa wazi uwe mnene kuliko wa kuchapwa. Na kama maandishi yenyewe yana rangi, yape wino mmoja. Uzi wa Edwardian uliotengenezwa kwa rangi nne zilizolaliana unatoka kama umechapwa kwenye daladala.

Jingine. Mnaleta faili bila fonti. Kompyuta yangu haina fonti yako, inaweka Arial, mimi nalaumiwa. Kabla hujaleta, geuza maandishi yote kuwa michoro. Kwenye Corel ni Ctrl+Q. Lakini kwa fonti hizi zinazoshikana kuna mtego: pale mkono wa herufi moja unapolalia herufi ya jirani, ukigeuza neno zima kwa mkupuo, sehemu ya kulaliana inatoboka, unaona vidoti vyeupe kila kiungo. Vunja neno kwa Ctrl+K mpaka kila herufi iwe peke yake, geuza kila moja, kisha zichague zote uziunganishe kwa Weld. Dakika kumi. Watu hawafanyi, halafu wanakuja na kelele.

MzeeWaNibu

Salaam kwenu wanangu.

Nilianza shule miaka ya 1960 mwanzoni. Dawati lilikuwa na tundu, ndani ya tundu kidau cha wino, na kalamu ilikuwa ya nibu. Mwalimu alipita nyuma yetu na rula. Nawaambia haya si kwa kujisifu, ila anayeziona fonti hizi kwenye kioo tu hajui kwa nini ziko hivyo.

Nibu ina meno mawili. Ukishusha kalamu unaikandamiza, meno yanaachana, wino unatoka kwa wingi, mstari unanenepa. Ukiipandisha unalegeza mkono, meno yanakutana, mstari unakuwa unywele. Ndiyo kisa cha ule unene na wembamba anaoulalamikia ndugu yetu wa foili. Waingereza wa karne ya 17 na 18 walikuwa na walimu wa mwandiko waliosifika kwa hilo. Mwandiko wao ulichongwa kwenye mabamba ya shaba ili uchapwe vitabuni, na chombo cha mchongaji kikauzidishia wembamba kuliko hata kalamu ilivyoweza. George Bickham alichapisha London, kati ya 1733 na 1741, mkusanyo mkubwa wa miandiko ya walimu hao, na fonti iitwayo Bickham Script inabeba jina lake. Charles Snell naye aliandika kitabu chake cha mwandiko mwaka 1694. Miaka ya 1960 Matthew Carter akautwaa mwandiko wa Snell, akatengeneza fonti ya Snell Roundhand. Hiyo Edwardian yako, mwanangu, jina lake linadai uzee, lakini aliichora Mmarekani Ed Benguiat mwaka 1994. Huenda ni rika la bibi harusi wako.

Sasa kuhusu HARUSI kwa herufi kubwa. Katika mwandiko ule herufi kubwa ilikuwa ya kufungulia neno tu. Mwandishi aliiachia uwanja wa kucheza kwa sababu alijua zinazofuata ni ndogo na zimetulia. Ukizipanga kubwa sita mfululizo umewaalika mashehe wa ngoma sita katika uwanja mmoja, kila mmoja na kundi lake. Hata sisi tuliochapwa viboko kwa ajili ya mwandiko hatuwezi kusoma.

Na kuhusu vijiti. Walimu wale waliandika lugha yao. Ndani yake t, h, l, d na f zinarudi kila baada ya hatua mbili, jicho linapata nguzo za kushika. Kiswahili tunazo k na l, sikatai. Lakini tazama majina yetu: Mwanaidi, Mwanahamisi, Maimuna, Mwinyi. Tazama mitaa: Mwananyamala, Mnyamani, Mnazi Mmoja. Karibu yote ni m, n, w, u, i na a. Katika mwandiko wa nibu herufi hizo ni kijiti kile kile kimerudiwa, tofauti ni pale tu kijiti kinapoungana na mwenzake: juu au chini. Mwalimu wetu alikuwa akitupiga kwa hilo hasa. "Hii ni u au n? Nitajuaje?" Bodaboda wa watu hakukosea. Alihesabu vijiti akachoka.

DadaStesheneri

Mzee wangu shikamoo, na ahsante. Nimecheka hapo kwa mashehe wa ngoma mpaka mteja wa kopi akaniuliza kulikoni.

@FoiliKkoo nimekuelewa, ingawa umenisema. Hiyo ya vidoti vyeupe kwenye viungo nilikuwa naviona miaka yote, nikidhani ni uchafu wa kioo cha printa. Nimekifuta kioo hicho mara ngapi, Mungu ndiye anajua.

Bado mikia. Na nimekutana na balaa jipya. Kwa bibi harusi huyu mpya kutakuwa na kikao cha familia kabla ya harusi, nyumbani kwao, Mtaa wa Narung'ombe. Nimeandika Narung'ombe kwa mwandiko, g imenyoosha mkono kumpa o, katikati kakaa yule mdudu wa ng', mkono umebaki hewani. Linaonekana kama maneno mawili, Narung na ombe.

kijana_wa_Sinza

Dada, mimi ni mtu wa nembo na mabango, kadi nafanya za washikaji tu, ila hapa kwenye mikia naweza kukusaidia.

Mikia haiko kwenye kibodi. Fonti za kisasa za OpenType zinabeba maumbo ya ziada ya herufi ile ile: M ya kawaida, M yenye mkia, M yenye mikia miwili, a ya mwisho wa neno yenye kitanzi, na kadhalika. Ukiandika unapata ya kawaida, nyingine unaziita mwenyewe. Edwardian iliyokuja na Office yako kila herufi ina umbo moja, ndiyo maana umetafuta mpaka basi. Mfalme wa mambo haya ni Zapfino ya Hermann Zapf, ilitoka 1998, ila chimbuko lake ni mwandiko alioufanya kwa mkono mwaka 1944. Kwenye kompyuta za Apple imo tayari, na ukiandika jina lake lenyewe, "Zapfino", herufi zote saba zinageuka kuwa umbo moja lililosukwa. Bickham Script ya Adobe nayo ina mikia ya kumwaga, ila ni ya kulipia.

Wewe hapo ulipo, bila kununua kitu, unayo Gabriola. Ilikuja na Windows 7 na kwenye Windows 10 ipo, aliichora John Hudson. Andika jina kwenye Word, lichague, bonyeza Ctrl+D, nenda kurasa ya pili iitwayo Advanced, shuka mpaka palipoandikwa Stylistic Sets, ubadilishe namba moja moja huku unatazama. Utaona herufi zinaanza kuota mikia. Nilipoiona mara ya kwanza nilikaa na jina la mama yangu nusu saa. Herufi zake hazishikani mikono kama Edwardian, zinasimama kila moja peke yake, lakini kwa masikitiko yako ya Mnyamani hiyo ni faida.

Shida yako ni Corel. X5 haijui habari za OpenType, uwezo huo uliingia X6 mwaka 2012. Usihangaike. Tengeneza majina kwenye Word na mikia yake yote, hifadhi kama PDF, halafu iingize PDF hiyo ndani ya X5. Ikikuuliza maandishi yaje vipi, chagua yaje kama michoro. Hapo hata FoiliKkoo hatakusema.

Ukitaka ya kushikana, kwenye maktaba ya Google kuna Great Vibes, Pinyon Script, Alex Brush, Tangerine. Ni za bure na leseni yake inakuruhusu kufanyia biashara. Pinyon ndiyo iliyo karibu zaidi na ile miandiko ya Mzee, lakini ni nyembamba, kwa foili uiangalie. Tangerine ni ndogo ajabu, saizi 20 yake ni kama 11 ya wengine.

Ila kabla hujachagua yoyote, usiijaribu kwa "Happy Wedding". Kila fonti duniani inapendeza ikiandika Happy Wedding, imechorwa kwa hiyo. Ijaribu kwa yale yaliyokuumiza. Mimi nina mstari wangu wa kupimia fonti za mwandiko: Mwananyamala, Mnyamani, Emmanuel, Narung'ombe, Jumamosi, Ijumaa. Hizo mbili za mwisho zina sababu. Fonti nyingi I kubwa na J kubwa ni mapacha, na kadi inayochanganya Ijumaa na Jumaa... na kadhalika, si unajua watu wetu.

Kuhusu ng': liandike neno bila kile kikoma, Narungombe, g na o zishikane vizuri. Kisha andika kikoma peke yake kama kitu tofauti, ukiweke juu kwenye pengo la g na o. Kwa namna hiyo mkono haukatiki. Na usiguse nafasi kati ya herufi. Ukizitanua hata kidogo, viungo vyote vinaachia.

BintIlala

Naomba kuchomekea. Upande wa kadi za nikahi kuna janga ambalo hamjaligusa: Bismillah. Nimeona kadi, na nyingine za watu wenye uwezo wao, Bismillah imetoka herufi mojamoja zimeachana, tena zimeanza kushoto kwenda kulia. Hapo hakuna neno tena, ni mifupa. Herufi za Kiarabu hubadilika umbo kulingana na zilipo katika neno, mwanzo, kati au mwisho, na hushikana. Programu isiyoijua kazi hiyo inazitema kama ilivyozipokea. Dada ukipata kazi ya nikahi usiiandike Bismillah mwenyewe kwenye X5. Tafuta iliyokwisha kuandikwa na mwenye khati, ikiwa mchoro, uiweke nzima, na umwonyeshe mtu anayesoma kabla ya kuchapa.

Na tafadhali msiweke zile fonti za Kilatini zilizonakshiwa vidoti juu na chini zifanane na Kiarabu. Babu zetu waliandika Kiswahili chenyewe kwa herufi za Kiarabu karne na karne, tenzi na barua. Hatuhitaji kuigiza.

Mchangiaji_Sugu

Mimi nitawaudhi. Mnataka kadi isomeke kama tiketi ya mwendokasi. Kadi ya harusi siku hizi nani anaisoma? Ukumbi mnatumiwa lokesheni kwenye grupu la kamati, saa mnaijua, mchango mmedaiwa miezi mitatu kwa jina. Kadi ni ya kuweka kwenye kabati la vioo. Nina kadi ya harusi ya wazazi wangu ya mwaka 1987, maandishi yamejikunja hatari, sijawahi kumaliza mstari wa pili, na siiuzi. Mwacheni mama wa watu na Edwardian yake.

DadaStesheneri

@Mchangiaji_Sugu umeniudhi kweli, lakini kuna ukweli. Mama yule alikuwa anataka kitu cha kabatini. Kosa langu lilikuwa kumpa kitu cha kabatini na cha bodaboda katika fonti moja. Ila lokesheni ya grupu haimfikii baba mdogo wa Morogoro mwenye simu ya batani. Huyo ndiye anayetembea na kadi mkononi.

Nimefanya majaribio, nawaletea mrejesho. Nimeprinti karatasi moja ya A4, maneno sita ya kijana wa Sinza kwa fonti tano, saizi ile ile ya kadi, nikaikata vipande nikaanza kuwasomesha watu. Mama wa vitumbua alisoma Great Vibes na Gabriola bila shida, Tangerine akaniuliza kama wino umeisha. Fundi viatu alisoma zote, maana alisoma miaka ile ile ya Mzee, akaniambia Pinyon ndiyo mwandiko, nyingine ni mchezo. Kisha saa moja jioni, giza limeanza, nikaenda kijiweni kwa bodaboda na kipande cha Edwardian. Nikamwambia kijana mmoja nipeleke hapa. Akawasha tochi ya simu. "Mn... Mnya... dada hapa ni mnyama?" Nikampa cha Gabriola. "Mnyamani. Buku tatu."

Basi nimeamua. Majina mawili ya maharusi ndiyo yenye mwandiko, Gabriola, kubwa, saizi 48, kila jina mkia mmoja. Nilijaribu mikia miwili, wa kwanza ukampiga wa pili mwereka katikati ya kadi, nikauondoa. Neno "Harusi" H kubwa nyingine ndogo, mwandiko huo huo. Kila kitu kingine ni Garamond ya kawaida saizi 12: utangulizi, siku, saa, simu. Ukumbi saizi 14, na jina la eneo liko mstari mmoja na mtaa, halitaachana nao tena milele. Mwaliko wa kikao cha Narung'ombe nimeutengeneza kwa Great Vibes, kikoma nimekipandisha juu kama nilivyoelekezwa. G na o zimeshikana mikono, nimefurahi mimi kuliko wenye kikao.

Bibi harusi ameona sampuli, amependa, ameipeleka kwa mama mkwe. Mama mkwe ameridhia majina, ila anauliza kwa nini ukumbi hauna mkia, na wenyewe ni wa gharama. Nimemjibu kwa heshima zote kwamba mama, ukumbi hauolewi. Amecheka, lakini hajasema ndiyo.

@FoiliKkoo mstari wangu mwembamba kabisa nimeupima, ni pointi 0.6. Utaipokea?

FoiliKkoo

Naipokea. Lete kabla ya Alhamisi, Ijumaa nina kadi 400 za send-off. Na uje na PDF, hiyo faili ya X5 usinifungulie hapa.

Mtu_wa_Mbagala

Buku tatu Tabata mpaka Mnyamani? Huyo kijana namba yake tafadhali.